Michoro ya mguso kwa wanafunzi wasioona: embosa, karatasi ya kuvimba, themofomu au mkono?

Ramani ni ya Mto Pangani. Maji ya Kilimanjaro na Meru yanakutana Nyumba ya Mungu, mto unashuka kupitia Korogwe na Hale, unamwagika baharini pale Pangani mjini. Mtoto anayeona anaipata kwenye kitabu cha jiografia, robo ukurasa, na dakika moja inamtosha. Mtoto asiyeona aliyeketi dawati la pembeni anaambiwa, "Wewe hiyo ruka, nenda swali linalofuata." Nimefundisha wanafunzi wasioona hapa Tanga miaka mingi, na sentensi hiyo kila nikiisikia inanichoma upya. Anayerushwa ramani leo atarushwa grafu kesho, keshokutwa mchoro wa moyo, halafu tutamwambia sayansi si somo lake.

Ramani hiyo moja nimeitengeneza kwa njia nne, kwa nyakati tofauti, na kila mara nimeiweka chini ya vidole vya wanafunzi. Naandika nilichokiona kwa ajili ya mwalimu mkuu, kamati ya shule, mzazi au mfadhili anayenipigia simu na swali lile lile: tununue nini?

Njia zenyewe ni hizi. Embosa ni printa inayopiga nukta zilizoinuka kwenye karatasi nzito badala ya kuweka wino. Karatasi ya kuvimba unaichapa mchoro mweusi, kisha unaipitisha kwenye mashine ya joto na mistari myeusi inainuka. Themofomu ni mashine inayolainisha plastiki kwa joto na kuifyonza juu ya mchoro mama mpaka ichukue umbo lake. Ya nne ni mkono: gundi, uzi, mchanga na mkasi.

Kidole kwanza

Hakuna hata moja kati ya hizi inayogeuza picha ya kitabuni kuwa mchoro wa mguso. Wauzaji wa mashine hawalisemi hili, na shule hulijua zikishalipa. Chukua ramani ya kitabu ilivyo, yenye mipaka, barabara, reli, vijito na majina ya wilaya, ipeleke kwenye mashine ghali kuliko zote: utapata karatasi iliyojaa vipele. Ncha ya kidole inahitaji alama mbili ziachane kama milimita 2 ndipo izihisi kuwa ni mbili. Mimi huacha milimita 3 kati ya mstari na mstari, na kati ya mstari na maandishi, na sishuki hapo hata mchoro ukinibana vipi.

Halafu kuna majina. Nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole, haina herufi ndogo za kubanwa pembeni. Seli moja, ile yenye nafasi sita za nukta, pamoja na nafasi ya kuitenga na inayofuata, inakula kama milimita 6 kwa upana. Andika "Kilimanjaro", herufi 11, bila hata alama ya herufi kubwa: umeshatumia milimita 66, karibu theluthi ya upana wa karatasi ya A4. "Nyumba ya Mungu" haiingii popote karibu na bwawa lenyewe. Kwa hiyo ramani yangu inabeba vifupisho vya herufi mbili, kl, ny, ko, pa, na ufunguo wake uko kwenye karatasi ya peke yake inayosomwa kabla ya ramani.

Kazi kubwa zaidi ni kuamua cha kuacha. Nilibakiza mto, bwawa, milima miwili, miji mitatu na bahari. Reli ya Tanga kwenda Moshi inafuatana na bonde la mto sehemu ndefu, na niliitoa kwa shingo upande, nikaipa karatasi yake. Mto niliufanya mstari mnene usiokatika, ukingo wa pwani mwembamba, bahari alama fupi fupi zilizotawanyika ili kidole kikifika huko kijue kimetoka nchi kavu.

Tena mtoto aliyezaliwa haoni hajawahi kukiona kitu kikiwa kidogo kwa sababu kiko mbali. Mchemraba uliochorwa kwa ubavu, nyuso tatu zikionekana kwa pamoja, kwake ni maumbo matatu yaliyopinda na basi. Mpe boksi la majani ya chai mkononi alizungushe, kisha mchoro wa uso mmoja mmoja. Ua vivyo hivyo: ua lenyewe kwanza, petali azihesabu kwa vidole, mchoro baadaye.

Kuchora upya namna hii kunachukua muda mrefu kuliko kuchapa, mashine iwe yoyote. Shule isiyo na mtu wa kuifanya kazi hii naishauri isinunue kitu bado. Fedha ya kwanza iende kumpa mwalimu mmoja mafunzo na kumpunguzia vipindi.

Embosa

Embosa nyingi zilibuniwa kwa ajili ya maandishi. Zinapiga nukta za kimo kimoja, mstari baada ya mstari, na kwa kitabu cha hadithi au mtihani wa Kiswahili hakuna cha kushindana nazo. Nyingi, zikiwemo Index za Uswidi, zinaweza kuchora pia, nukta zikisogezwa karibu karibu, na programu kama TactileView humsaidia mwalimu kuupanga mchoro kwenye kompyuta kabla ya kuupiga.

Niliipeleka ramani ya Pangani kwenye embosa ya aina hiyo. Miji ilikaa sawa, maandishi ya nukta nundu yalitoka makali na safi, kuliko njia nyingine yoyote. Mto ndio ulionisumbua. Mstari unaopinda, ukiundwa kwa nukta zilizopangwa kwenye safu, unashuka kwa ngazi. Binti mmoja wa darasa la sita, msomaji hodari, aliufuata mto kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia huku cha kushoto kikishikilia bwawa kisipotee. Alifika katikati akasimama. "Mwalimu, mto huu una kona kama za ukuta?" Nikamwambia hapana, ni mashine. Akarudi mwanzo akaanza tena, safari hii akijua kwamba kona hazina maana. Alifika baharini. Lakini fikiria angekuwa kwenye chumba cha mtihani, hana wa kumuuliza.

Kuna embosa za aina nyingine zilizobuniwa kwa ajili ya michoro tangu mwanzo. John Gardner, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Oregon State nchini Marekani, alipofuka mwaka 1988 akiwa katikati ya kazi zake, na grafu za utafiti wake zikawa karatasi tupu kwake. Kutokana na shida hiyo ikazaliwa teknolojia inayoitwa Tiger, na mwaka 1996 akaanzisha kampuni ya ViewPlus inayotengeneza embosa hizo. Zinapiga nukta 20 katika kila inchi, na nukta hazilingani kimo: penye rangi iliyokoza inapigwa nukta ndefu, penye rangi iliyofifia nukta fupi. Nilipata kuitumia wiki moja kwenye mafunzo Dar es Salaam. Mto ulipinda kama mto. Bahari niliipaka rangi ya kijivu hafifu ikatoka kama ngozi yenye chenga chenga, na ukingo wa pwani ukasimama juu yake waziwazi. Kwa grafu za hisabati, mistari ya namba na chati za safu, sijagusa kitu bora kuliko hiyo.

Faida ya embosa zote, za aina hii na ile, ni kopi. Ramani ikishakubalika, kopi ya arobaini ni sawa na ya kwanza, na faili lenyewe unamtumia mwalimu wa Korogwe au Lushoto kwa simu, akalipiga kwake. Karatasi yake ni nzito lakini haina dawa wala tabaka la siri, kwa hiyo kwa kila ukurasa ndiyo nafuu ukiilinganisha na karatasi ya kuvimba na plastiki.

Sasa upande wa pili. Bei ni mamilioni ya shilingi, na za michoro hupanda zaidi. Kelele ni za nyundo, si za printa. Ukiiweka darasani hakuna somo, itafutie chumba chake. Na kuna hewa yetu. Mtu wa Tanga anajua shati lililoanikwa usiku wakati wa masika asubuhi linavyokuwa. Karatasi nayo inakunywa unyevu huo huo, inalegea, nukta zinalala chini ya kidole na karatasi zinakwama mashineni. Mimi huweka karatasi kwenye ndoo kubwa ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na bunda silifungui mpaka siku ya kuchapa.

Kuna jambo moja ambalo likinijia bado linanitia uchungu. Shule moja niliyofanya kazi ililetewa embosa ya msaada. Watu walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Ilikuwa ya kutumia karatasi ndefu za mkunjo, zile zenye matundu pembeni za kushikwa na meno ya mashine, na zililetwa boksi mbili. Watoto walisoma kwa furaha muhula mmoja na nusu. Boksi zilipoisha, tulizunguka steshenari zote za mjini, tukaagiza Dar es Salaam, tukakosa. Kabla hatujajua la kufanya, umeme ukakatika na kurudi kwa nguvu, na mashine ikanyamaza. Fundi wa kompyuta aliifungua, akaifunga, akasema hana vipuri wala hamjui mwenye navyo. Niliiacha imefunikwa kitambaa juu ya kabati, na niliporudi kuwasalimu miaka kadhaa baadaye kitambaa kilikuwa kile kile.

Kwa hiyo ukinunua embosa, chagua inayokubali karatasi za kawaida zilizokatwa, A4, unazoweza kuzipata kwa wauza vifaa vya uchapaji. Kwa upande wa Index, aina ya Everest inatumia karatasi zilizokatwa na Basic inatumia za mkunjo. Majina yanakaribiana kwenye orodha ya bei, tofauti ni kubwa maishani. Nunua kifaa cha kulinda umeme siku hiyo hiyo, usingoje bajeti ijayo. Na mwulize muuzaji, kwa maandishi, fundi wake wa Afrika Mashariki yuko mji gani.

Karatasi ya kuvimba

Hii ndiyo ninayoipenda. Nalisema wazi ili msomaji ajue anamsoma nani.

Karatasi yake imepakwa tabaka la vijipovu vidogo mno. Unaichapa mchoro kwa wino mweusi, au unaupiga kopi. Kisha unaipitisha taratibu chini ya taa ya joto ndani ya mashine ndogo inayokaa juu ya meza. Zinazojulikana zaidi ni PIAF kutoka Poland na Zy-Fuse. Cheusi kinanyonya joto kuliko cheupe, vijipovu vilivyo chini ya weusi vinapata moto na kutanuka, na mstari unapanda. Karatasi inatoka ikiwa na vuguvugu, mto umesimama, laini kama uzi uliolazwa chini ya kitambaa. Mpindo wa mto unabaki mpindo. Binti yule yule aliufuata mara moja bila kusimama, akafika baharini, akasema, "Kumbe unakunja huku." Alikuwa na kidole chake juu ya Korogwe.

Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaihesabu. Mchoro unabaki mweusi juu ya cheupe. Katika kila kitengo cha wasioona nilichofundisha kulikuwa na watoto wenye uoni hafifu ambao macho yao yanawasaidia kidogo, na hao wanautazama na kuugusa kwa wakati mmoja. Mwalimu wa kawaida wa jiografia asiyejua hata nukta moja naye anauona mchoro, anaweka kidole cha mwanafunzi mahali, anafundisha. Mzazi nyumbani vivyo hivyo. Karatasi nyeupe ya embosa, isiyo na wino, kwa mwalimu huyo ni ukuta.

Na haikuhitaji uwe fundi wa kompyuta. Nimechora kwa kalamu nene nyeusi juu ya karatasi ya kawaida, nikaisafisha, nikaenda nayo steshenari kupigiwa kopi moja kwenye karatasi ya kuvimba, nikarudi kitengoni kuipasha moto. Tahadhari ni mbili. Printa ya leza na mashine ya kopi nazo zina joto ndani yake la kugandisha wino wa unga; zile zenye joto kali zinaanza kuivimbisha karatasi humo humo tumboni. Jaribu na kipande kwanza, na uilishe karatasi kwa mkono, mojamoja. Pili, kalamu nyingine zinaonekana nyeusi kwa jicho lakini wino wake haunyonyi joto vizuri, na mstari unapanda nusu au haupandi. Kalamu ikishathibitika, iandike jina la kitengo na uifungie kabatini.

Mashine ina kitasa cha joto. Likiwa dogo, mistari inakuwa dhaifu. Likizidi, hata sehemu nyeupe zinainuka na mchoro unakuwa kama mkate. Kwa bahati ndani yake hamna mengi: taa, mota, rola. Ikikataa, fundi mwenye akili ana pa kuanzia.

Udhaifu wake ni karatasi. Moja mara nyingi hupita dola 1 ya Marekani kabla hujalipia usafiri, na inaagizwa nje. Hakuna anayechapa kitabu kizima kwa bei hiyo. Maandishi ya nukta nundu juu yake ni ya duara na mororo, hayana ukali wa embosa, na msomaji mwepesi analalamika. Ndiyo maana ufunguo wa ramani yangu naupiga kwa Perkins, taipureta ya nukta nundu, kwenye karatasi nzito, na ramani peke yake ndiyo naichapa kwenye ya kuvimba. Mistari nayo inachakaa. Ukiwaachia watoto thelathini ramani moja muhula mzima, mto unaanza kulala pale Hale ambapo kila mtu anapita.

Themofomu

Sitakaa sana hapa, kwa sababu shule inayoanza leo sidhani kama inapaswa kuanzia huku. Unatengeneza mchoro mama kwa mkono, kwa vitu vinavyovumilia joto, si nta wala plastiki. Unautoboa vitundu kwa sindano ili hewa ifyonzwe. Unalaza karatasi ya plastiki juu yake, mashine inaipasha moto na kuvuta hewa, na baada ya sekunde chache una kopi. Hakuna njia inayotoa vimo vingi kama hii: mlima unaweza kuwa mlima kweli, bonde likashuka. Plastiki haichaniki, haiogopi unyevu, inaoshwa kwa maji.

Lakini gusa plastiki hiyo saa saba mchana darasani Tanga. Kidole kinatoa jasho, kinanata, kinaruka badala ya kuteleza. Wanafunzi wangu walipaka poda mikononi kabla ya kusoma, na bado walichoka mapema. Anayefundisha Lushoto, kwenye ubaridi wa Usambara, huenda asione shida hii. Mwenye mashine tayari na plastiki tayari, aitumie kwa ramani za milima. Asiye nayo asiitafute.

Mkono

Usidhani hii ni njia ya maskini inayongoja mashine ije. Kwa mchoro wa mara moja, kwa mtoto mmoja, kwa somo la kesho asubuhi, mkono unashinda vyote vitatu.

Ramani yangu ya kwanza ya Pangani ilikuwa ya manila. Mto ulikuwa uzi wa pamba uliosokotwa, uliobandikwa kwa gundi nyeupe. Nilijaribu uzi wa katani, nikidhani Tanga tukose vyote tusikose katani, lakini nyuzi zake zinachoma na kidole kinakwepa. Nikauhamishia kwenye mpaka wa mkoa, mahali ambapo kukwaruza kuna maana. Bahari ilikuwa mchanga wa ufukwe wa Raskazone, hapa Tanga. Mara ya kwanza niliuleta ulivyo, na chumvi iliyokuwamo ikavuta unyevu, gundi ikalegea, bahari ikaanza kumwagika kwenye madawati. Tangu hapo mchanga nausuuza kwa maji ya bomba mara tatu na kuukausha juani siku nzima. Mtama na kunde usitumie kwa mchoro unaotaka ukae. Panya watausoma kabla ya wanafunzi.

Kifaa ambacho ningependa kila kitengo kikipate kinauzwa kwa wauza vifaa vya cherehani: kile kigurudumu kidogo chenye meno ambacho mafundi wanakitumia kuhamisha alama za kukata kwenye kitambaa. Kata tyubu ya baiskeli au pikipiki, ioshe, ilaze na kuigundisha juu ya ubao. Weka karatasi nzito juu yake, pitisha kigurudumu ukikandamiza. Geuza karatasi: upande wa pili kuna mstari wa nukta zilizoinuka, safi, zinazofuatana. Kwa magurudumu mawili ya meno tofauti una aina mbili za mstari. Kwenye ubao huo huo ukiweka karatasi ngumu ya nailoni na kuchora kwa kalamu ya kawaida, mstari unainuka upande ule ule unaochora, na mtoto asiyeona anaweza kuchora yeye mwenyewe na kugusa alichochora papo hapo. Hakuna embosa itakayompa hilo.

Kwa kigurudumu, kumbuka kwamba unachora kinyume, kwa mgongo wa karatasi. Mimi sikukumbuka. Nilitengeneza ramani nzuri ya pwani yetu, nikawapa watoto, na bahari ilikuwa magharibi. Wawili waliisoma hivyo na kuishika hivyo, na ilinichukua siku kadhaa kuitoa vichwani mwao. Tangu siku hiyo nachora kwanza kwa penseli, naiweka karatasi dirishani mwanga upite, nafuatisha upande wa nyuma, ndipo nachukua kigurudumu. Na kona ya juu kulia ya kila mchoro naikata kwa mkasi, ili mwanafunzi akiushika ajue juu ni wapi bila kuuliza.

Ubaya wa mkono ni kwamba hauzai. Kopi ya pili ni kazi upya, na haifanani na ya kwanza. Kwa mtihani hilo halikubaliki, kwa sababu watahiniwa wawili hawawezi kupewa mito miwili tofauti. Na mwalimu anachoka.

Nani achukue ipi

Shule yenye mtoto mmoja au watatu wasioona, imechanganyika na wanaoona, na bajeti yake ni ya chaki: anza na ubao wa tyubu, kigurudumu, manila na uzi. Wiki hii hii. Mfadhili akija, mwambie akununulie mashine ya joto na pakiti za karatasi za kuvimba za mwaka mzima, na aandike ahadi ya pakiti za mwaka wa pili. Usimwache atoe mashine bila karatasi.

Kitengo chenye wanafunzi kumi, ishirini na kuendelea, chenye umeme wa uhakika kiasi na walimu wawili wanaojua nukta nundu: hapa ndipo karatasi ya kuvimba na embosa zinapooana. Embosa ya kawaida ya A4 ichape maandishi, maswali, funguo za ramani na majedwali. Karatasi ya kuvimba ibebe ramani, viungo vya mwili, ua, mzunguko wa maji. Nimeona fedha zote zikipelekwa kwenye embosa moja kubwa, halafu ikatumika kuchapa herufi tu kwa sababu hakuna aliyejifunza kuchora nayo, na kila nikikumbuka nasikitika.

Embosa ya michoro, aina ya Tiger, ningeipendekeza mahali pamoja katika mkoa, si kila shule. Iwe chuoni au kwenye kituo kinachohudumia shule nyingi, pakiwa na mtu ambaye kazi yake ni hiyo: apokee maombi kutoka Muheza, Handeni, Pangani, achore, achape, atume kwa basi. Hasa kwa hisabati na fizikia. Watoto wasioona tunaowaelekeza kwenye masomo ya sanaa wengi hawakushindwa kufikiri. Walikosa grafu ya kuigusa.

Mzazi mwenye mtoto mmoja nyumbani asinunue mashine yoyote. Ubao wa tyubu, karatasi za nailoni, kalamu. Mchoreeni chumba chenu: mlango, kitanda, dirisha. Kisha njia ya kwenda dukani. Mtoto aliyezoea kugusa ramani ya nyumba yake akiwa na miaka sita hataipapasa ramani ya Tanzania kwa hofu akiwa na kumi na mbili.

Na yeyote atakayelipa fedha, kabla ya kulipa, amtumie muuzaji mchoro wake mwenyewe, si ule wa kipepeo ulioko kwenye kipeperushi. Ukirudi umechapwa, mpe mwanafunzi bila kumwambia ni nini. Kaa kimya. Angalia kidole chake kinasimama wapi, kinarudi wapi, kinauliza nini. Karatasi hiyo ichukue, iweke darasani muhula mmoja, kisha igusishe tena kwa mwanafunzi mwingine ndipo uandike hundi.